Neusa na Chumvi ya Mto Ruvuma

Nyumbani kwa akina Neusa, kijijini Mahurunga, wa kwanza kuamka alikuwa jogoo, wa pili mama yake, na wa tatu Neusa mwenyewe. Kaka yake Jaime hakuwamo katika hesabu hiyo, maana yeye aliamka pale tu aliposikia mfuniko wa sufuria ya uji ukifunuliwa. Neusa alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, akanywa uji wake kwa haraka, kisha akavaa sare na kutoka. Alikuwa Darasa la Sita, na hakuna mwanafunzi wa darasa lake aliyetoka nyumbani mapema kama yeye. Wenzake walidhani anawahi namba za wanaofika kwanza shuleni. Kumbe alikuwa anakwenda kupima mto.

Alianzia kwa Mwalimu Gaudensi, aliyekuwa akitunza simu janja ya mradi wa kupima mto. Alibisha hodi, akamwamkia, akapewa simu pamoja na kipimo kimoja chembamba kama kalamu. Kutoka hapo alifuata njia ya bustanini mpaka kwenye jukwaa la magogo kando ya mto. Jukwaa hilo lilizungushiwa uzio wa miti iliyosimikwa majini, kwa sababu mamba wa Ruvuma hawabagui mkulima na mwanafunzi. Hapo ndipo kikundi cha bustani kilipoweka mashine yake ya kuvuta maji.

Kwa nini mto upimwe? Mahurunga hakuko mbali na mahali ambapo Ruvuma unaingia baharini. Wakati wa mvua mto una nguvu, bahari haiusogelei. Lakini kiangazi maji ya mto hupungua, na zikifika siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko siku nyingine, maji ya chumvi hupanda mtoni kimyakimya mpaka usawa wa bustani. Nyanya au kitunguu kikinyweshwa maji hayo, majani huungua pembeni kana kwamba yamepitishiwa moto. Hakuna mbolea ya kuyatibu.

Mzee Suleimani, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa na njia yake ya kujikinga. Mashine ikishawashwa, alikinga kiganja kwenye mdomo wa mpira, akaonja yale maji ya kwanza. Akimeza, watu walifungua mifereji. Akitema, walizima mashine na kurudi nyumbani. Njia hiyo iliokoa mboga nyingi, ila ilikuwa na kero yake. Watu walikuwa wameshaacha kazi zao na kufika, petroli ilikuwa imeshaungua, ndipo wanaambiwa warudi kesho. Kesho nayo wanaambiwa vilevile, na nyanya zinaendelea kuona kiu.

Ndipo alipokuja Sabina.

Alikuja kwa pikipiki kutoka Mtwara mjini, amevaa mabuti ya mpira, kompyuta yake mpakato ameifunga ndani ya mfuko usioingia maji. Mwalimu Gaudensi alimleta darasani na kusema kwamba mgeni huyu amesomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Wanafunzi walimtazama mabuti yale yenye tope mpaka magotini, wakatazamana. Mwanaidi, ambaye hajawahi kukaa na swali tumboni, alinyoosha mkono akauliza kama kwao Sabina wamemfukuza ofisini.

Sabina alicheka sana. Alisema na yeye alipokuwa chuoni alidhani atafanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi, akitoka amevaa viatu vyenye kisigino. Baadaye aligundua kwamba kompyuta inaweza kuutunza mto, msitu na bahari, akaona hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Aliwaeleza kuhusu wenzake. Mmoja anarusha ndege ndogo isiyo na rubani juu ya mikoko, kisha kompyuta inahesabu kwenye picha ni mikoko mingapi imekatwa na mingapi imeota. Mwingine ameandika programu inayofuatilia kasa wanapokwenda baada ya kutaga mayai pwani. Mwingine anasaidia vijiji kugawana umeme wa jua ili usipotee bure. Yeye Sabina kazi yake ni maji.

Alikuwa na chombo kimoja alichokifunga mtoni, chini kule karibu na bahari, kinachotuma habari za chumvi saa zote. Lakini chombo kile hakikujua chumvi inachukua muda gani kupanda mpaka Mahurunga, wala ni siku zipi inafika na siku zipi inaishia njiani. Hilo lilitaka mtu wa kupima kila asubuhi pale pale kwenye mashine, ili kompyuta ijifunze kidogo kidogo. Ikishajifunza, itawatumia wakulima ujumbe kwenye simu zao mapema, kabla mtu hajaacha kazi yake wala kuwasha mashine.

Neusa alisikiliza mpaka akasahau kufunga mdomo. Kipindi kilipokwisha alimfuata Sabina nje akamuuliza maswali mengi kuliko darasa zima kwa pamoja, na kwa kuwa kwao ndiko karibu na bustani, kazi ya kupima akapewa yeye. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kwa madaha. Alimwambia mama yake kwamba akikua atavaa mabuti na kubeba kompyuta. Jaime alimwambia aache ndoto, kazi za maana ziko Madimba kwenye gesi. Neusa alikuwa na furaha mno hata hakuona haja ya kugombana.

Sabina alimfundisha namna ya kupima. Kulikuwa na chupa iliyofungwa jiwe kitakoni na kuzibwa kwa kizibo. Neusa aishushe kwa kamba taratibu mpaka jiwe liguse chini, pale pale unapolala mdomo wa mpira wa mashine. Kisha avute kamba nyembamba ing'oe kizibo, asubiri chupa ijae, aipandishe, achovye kipimo. Simu ilimuuliza maji ameyatoa wapi, juu au chini, naye alibonyeza "chini", akaandika namba na kutuma.

Wiki za mwanzo Neusa alifanya hivyo kwa moyo wote. Halafu asubuhi moja jiwe likakwama kwenye mizizi. Alivuta huku, akavuta kule, kamba mbili zikasokotana kama nywele zisizochanwa, na alipofanikiwa kulinasua alifika shuleni wenzake wameshaingia darasani. Mwalimu wa zamu hakutaka hadithi ya mizizi. Alimpa choo kizima akioshe peke yake wakati wa mapumziko.

Kesho yake Neusa aliitazama ile chupa kwa kinyongo. Kando yake palikuwa na kopo la kuchotea maji ya kunawa. Akainama kwenye uzio, akapitisha kopo juu juu kwenye maji, taratibu, kama bibi yake alivyomfundisha kuchota kisimani tangu alipokuwa mdogo. Alipima. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtoto mbaya, alishusha na chupa pia ili alinganishe. Namba zilikuwa sawa kabisa. Neusa alitabasamu. Kama juu na chini ni sawa, mateso ya nini? Tangu siku hiyo aliacha chupa ikauke kwenye mti na kutumia kopo. Simu ilipomuuliza juu au chini, alibonyeza "chini", maana ndivyo dada Sabina alivyotaka.

Asichokifikiria ni kwamba siku ile aliyolinganisha haikuwa ya bamvua. Chumvi haikuwa imefika Mahurunga kabisa, juu wala chini.

Kiangazi kilikolea. Baba yake Neusa, Mauricio, alikuwa kijiji cha Ziwani kwenye mikorosho, kwa sababu ulikuwa msimu wa kuokota, na bustani yote ilibaki mikononi mwa mama yake, Celeste. Alikuwa na matuta ya nyanya zilizokwishaanza kuweka maua, na kando yake kitalu cha vitunguu alichokitunza kama mtoto mchanga, akikifunika kwa nyasi mchana na kukifunua jioni. Miche ile ilikuwa imebakiza muda mfupi tu ihamishiwe kwenye matuta.

Sabina akaja na habari njema: kompyuta imejifunza vya kutosha. Siku iliyofuata simu za wanakikundi zililia karibu kwa pamoja. Ujumbe ulisema maji ni mazuri, wafungue mashine. Watu walifurahi. Walifika wote, mashine ikawashwa, na Mzee Suleimani alisimama kando na simu yake mkononi akiwaonyesha ujumbe hata wale waliokuwa nao. Celeste na yeye mwenyekiti ndio waliokuwa na zamu ya kwanza, na wote wawili walianza na vitalu. Walipomaliza, petroli ilikuwa imekwisha, na wengine wakakubaliana kumalizia siku inayofuata.

Siku iliyofuata miche ya vitunguu ilikuwa imejikunja. Ncha zake zilikuwa za kahawia, na nyingine zimelala chini. Celeste alichuchumaa kitaluni akaigusa mmoja mmoja. Neusa alikuwa amezoea mama yake akigomba; kumwona amenyamaza vile kulimuumiza kuliko kugombezwa.

Wanakikundi walikutana palepale bustanini. Walimshukuru Mungu kwamba nyanya hazikuguswa na kwamba petroli iliisha mapema. Lakini Mzee Suleimani alikuwa amekasirika, na aliona haya pia, kwa jinsi alivyotamba na ile simu. Alisema kompyuta haijui mto, na watu wa Mahurunga walilima miaka mingi bila kuambiwa na simu wanyweshe lini. Alimwomba Sabina, kwa heshima zote, avikusanye vyombo vyake arudi mjini. Sabina hakubishana. Aliwaomba radhi, akasema huenda amekosea mahali fulani katika programu yake, na akaomba wampe siku mbili atafute kosa kabla hajaondoka. Wakamkubalia shingo upande.

Alikaa barazani kwa Mwalimu Gaudensi na kompyuta magotini, akisoma mstari kwa mstari. Chai ilipoa kando yake. Kesho yake asubuhi Neusa aliporudisha simu alimkuta angali katika hali hiyo, akamwonea huruma, akajiuliza kosa limejificha wapi.

Mchana huo mama yake alimtuma kisimani, kile kisima kifupi kilichochimbwa kando ya mto, kisha akamfuata ili wasaidiane kubeba. Neusa alikuwa na mawazo mengi. Akatumbukiza ndoo yote mpaka chini kwa mara moja.

"Unafanya nini, mwanangu?" Celeste alimshika mkono. "Siku hizi ni bamvua. Chota ya juu, taratibu. Chumvi ni nzito, inakaa chini. Bibi yako hakukwambia?"

Bibi alikwishamwambia. Alimwambia tangu hajaanza shule, na mikono yake ilikuwa ikitii kila siku bila yeye kufikiri. Neusa alisimama na ndoo ikamwagika miguuni. Maji matamu yanakaa juu, ndiyo maana kopo lake lilisema kila siku kwamba mto ni mtamu. Mpira wa mashine unalala chini. Kompyuta ilikuwa imeamini kwamba yale aliyoyachota juu yametoka chini, kwa sababu yeye Neusa ndiye aliyeiambia hivyo kwa kidole chake.

Alikaa chini palepale kando ya kisima. Mama yake alidhani ni jua, akamwambia akapumzike.

Nyumbani alimkuta Jaime akitengeneza baiskeli uani. Hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza, akamweleza yeye yote. Jaime aliacha mnyororo, akakuna kichwa kwa mkono wenye grisi.

"Nyamaza," alisema mwishowe. "Kompyuta si mtu, haitaona aibu. Watailaumu, yule dada ataondoka, mambo yatakwisha. Ukisema, mama atajua ni wewe uliyemuulia vitunguu."

Alisema hivyo kwa kumpenda mdogo wake, na maneno yale yalikuwa matamu kuyasikia. Neusa alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akayafikiria. Ni kweli hakuna aliyemshuku. Hakuna ambaye angemshuku kamwe. Sabina angepanda pikipiki yake akiamini ameshindwa kazi yake, na kikundi kingerudi kupoteza petroli na kusubiri, na chumvi ingeendelea kupanda mtoni bila mtu kuambiwa. Na yeye angekuwa amekaa hapa, salama. Alijaribu kuifikiria hiyo salama, akaona haimpendezi hata kidogo. Alivaa ndala akaenda kwa Mwalimu Gaudensi.

Alimwamkia Sabina, kisha akasema kabla moyo haujamgeuka. Alisema habari ya jiwe, ya choo, ya kopo, na ya kubonyeza "chini". Sabina alifunga kompyuta polepole.

"Tangu jana natafuta kosa langu," alisema. "Nimekasirika, Neusa. Sitakuficha. Lakini ningeondoka hapa bila kujua, ningeumia zaidi, na programu ile ningekwenda kuipeleka kijiji kingine na kosa lake ndani." Akainuka, akavaa mabuti. "Twende tukapime, mimi na wewe."

Walipima pamoja. Maji ya kopo, yale ya juu, kipimo kilisema yanafaa kunywesha mboga. Kisha Neusa alishusha chupa, akasubiri jiwe liguse chini, akang'oa kizibo. Safari hii namba ilipanda na kuendelea kupanda mpaka Sabina akapiga mluzi mdogo. Mto mmoja, mchana mmoja, maji ya aina mbili yamelaliana. Sabina alikaa kwenye gogo akatikisa kichwa, halafu, kwa mshangao wa Neusa, akaanza kucheka taratibu. Alisema na yeye ana lake. Alikuwa ameagiza yapimwe maji ya chini tu wakati alitakiwa kuagiza ya juu na ya chini kila siku, maana tofauti ya hizo mbili ndiyo ingemwonyesha mapema kwamba kuna jambo. Zaidi ya hapo, alimpa mtoto kazi kisha hakurudi hata siku moja kumtazama anavyoifanya.

Jioni, jua bado likiwa juu ya minazi, wanakikundi waliitwa. Sabina alitaka kueleza yeye, lakini Neusa aliomba aseme mwenyewe. Alisimama mbele ya watu wazima akiwa ameshika mikono nyuma. Alisema yote bila kupamba. Alipofika kwenye vitunguu alimtazama mama yake, akasema, "Mama, nisamehe. Mzee Suleimani, nawe nisamehe. Mto haukudanganya, na kompyuta haikudanganya. Ni mimi."

Watu walinong'ona. Mama mmoja alisema watoto wa siku hizi hawafai kupewa kazi ya watu wazima. Mzee Suleimani aliinua mkono kuwanyamazisha, akajikohoza.

"Mtoto amesema lake, na mimi niseme langu," alisema. "Kiganja hiki kimeonja maji ya mashine hii tangu tulipoinunua. Siku ile sikuonja. Nilikuwa nimeshika simu." Akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Na nyinyi mliniona sionji, mkanyamaza."

Hapo kila mtu alipata jambo la kutazama chini. Kisha mtu mmoja akacheka, na wa pili, na hasira ikapungua kama povu. Wakakubaliana Sabina abaki, kipimo kiwe cha juu na cha chini, na mwenyekiti arudishe ulimi wake kazini mpaka kompyuta ijifunze upya. Mwalimu Gaudensi naye aliahidi kuzungumza na walimu wa zamu, ili mtoto anayepima mto asioneshwe mlango wa choo bila kuulizwa kwanza.

Celeste alitoka mkutanoni akitangulia njia. Walipofika nyumbani alimwita Neusa, akampa furushi dogo la mbegu za vitunguu alizozihifadhi. Alimwambia asie kitalu kipya, na mpaka miche ichipue na kukomaa, maji ya kitalu hicho yatatoka kisimani kwa ndoo, juu ya kichwa cha Neusa mwenyewe, kila jioni. Neusa alisema sawa, mama. Alikuwa ametarajia adhabu kubwa zaidi, na usiku huo alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu miche ile ikunjike.

Basi akawa anapima asubuhi na kubeba maji jioni. Mabega yaliuma, lakini alizoea. Mara nyingine Mwanaidi alikuja kumsaidia, wakabeba huku wakisimuliana. Jaime naye, bila kuombwa na bila kutaka kushukuriwa, alirekebisha ile chupa: alitoa lile jiwe lenye pembe lililonasa kwenye mizizi, akafunga kipande laini cha chuma cha baiskeli, na kamba ya pili akaipitisha kwenye kijibomba ili zisisokotane tena. Sabina alipoiona aliipiga picha, akasema na mafundi wa namna hiyo wanatakiwa katika kazi yake. Jaime alijifanya hakusikia, lakini siku hiyo hakuitaja Madimba.

Bamvua nyingine ikafika. Simu zililia: maji ya chini yana chumvi, msifungue mashine. Mzee Suleimani alikwenda mtoni hata hivyo, akamwomba Neusa amtolee maji ya chini kwenye chupa. Akatia mdomoni funda la kutosha. Macho yalimtoka, akatema mbali, akakohoa mpaka kofia ikaanguka, na waliokuwa pale wakacheka wakashika mbavu. Alipopata sauti alisema kompyuta imeonja vizuri.

Sabina alikuwepo, akisafisha mabuti yake kwa kijiti. Neusa alimsogelea akamuuliza swali alilokuwa nalo siku nyingi: kama mtu aliyefanya kosa kama lake bado anaweza kuja kufanya kazi kama hii.

"Sikiliza, mdogo wangu," Sabina alisema. "Kompyuta haijawahi kuuona mto huu. Haijui tope, haijui mamba, haimjui mama yako. Inajua tulichoiambia tu. Tukiiambia uongo mdogo, inaupeleka kwa watu wengi kwa wakati mmoja, nao hawawezi kutuona usoni wakatushuku. Hesabu utazisoma shuleni, na programu utafundishwa chuoni. Lakini ukweli ni lazima uje nao kutoka nyumbani, na bidii ya kuufuata mpaka chini hata kama umechelewa. Ulikosea, ukaja kusema wakati ambao hakuna aliyekuuliza. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka kufanya naye kazi."

Neusa alichuchumaa kando yake. Aliokota kijiti kingine akamsaidia kusafisha buti la pili.

Baada ya bamvua kupita, asubuhi moja ya Jumamosi simu zililia tena: maji ya juu na ya chini yote ni mazuri, fungueni. Watu walifika bustanini, mashine ikawashwa, lakini Mzee Suleimani alikuwa amechelewa njiani. Wanakikundi walisimama kando ya mifereji na majembe yao, kila mmoja akingoja mwingine aanze. Ile miche mipya ya vitunguu ilikuwa imekwishakomaa, imesimama kijani kitaluni, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye mfereji. Bila kupanga, wote walimgeukia Celeste, kwa kuwa yeye ndiye aliyeunguliwa mara ya kwanza, na kama angesema wamsubiri mwenyekiti aje aonje, hakuna ambaye angemlaumu.

Celeste alimtazama binti yake aliyekuwa juu ya jukwaa, chupa ingali inachuruzika maji mkononi mwake. Akaweka simu yake kwenye pindo la kanga bila kuisoma mara ya pili. Kisha akainama, akaliondoa kwa jembe lile tuta dogo la udongo lililouziba mfereji wake, maji yakaingia kitaluni.

"Mwanangu amepima," alisema. "Fungueni."